Mama Mkubwa Amekuja Kupumzika

Jumapili, 3 Machi

Mama Mkubwa, sista wetu mzee, amefika leo baada ya Misa, amekaa mbele na dereva, mgongo umenyooka kama anakuja kukagua gwaride. Amekuja kupumzika. Neno hilo ni la Mama Mkuu wa shirika letu, si langu. Nyumba ya masista wazee inavuja, kuta zimeota ukungu, na kifua cha Mama Mkubwa hakipatani na ukungu. Kwa hiyo akae kwetu mpaka mvua ziishe.

"Shule ni yake," Mama Mkuu aliniambia kwenye simu. "Aliianzisha yeye. Atafurahi."

Aliianzisha kweli, chini ya mabati ya kuazima, na mimi ni mmoja wa wasichana wa mwanzo aliowafundisha kusoma. Sasa mimi ndiye mkuu wa shule. Wasichana wananiita Mkasi wakidhani sisikii, na walimu wanne wazima hunyamaza nikipita. Lakini Mama Mkubwa aliposhuka garini nilijikuta naficha kucha zangu nyuma ya gauni.

Alipumzika mpaka saa ya chai. Baada ya chai alihamisha mabenchi yote ya kanisani.

Jumatatu, 4 Machi

Kapiga kengele ya chakula cha mchana saa nne asubuhi. Wasichana hawakuuliza, lini msichana wa bweni akauliza kengele ya chakula? Dakika moja na shule nzima iko foleni na sahani. Mpishi kajifungia jikoni kwa ndani.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Darasa la kidato cha pili linavuja sehemu ileile iliyozibwa mwaka jana na fundi yuleyule, aliyeapa kwa mama yake.

Kengele tena.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Mkubwa kamwambia mwalimu wa kemia, mbele ya darasa, kwamba shati lake halijapigwa pasi. Ni kweli halikuwa limepigwa. Hilo halinisaidii. Mwalimu kaja ofisini kwangu na uso kama kafiwa, nikatumia kipindi kizima kumbembeleza mtu mwenye ndevu.

Kwaresima hii sina haja ya kujitafutia mateso. Yameletwa na gari.

Jumanne, 12 Machi

Makamu wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati na mtu mwema, ana tatizo moja: hawezi kufika kwenye jambo bila kuzunguka kijiji kizima. Leo kaingia akaanza, "Sista Mkuu, naomba nianze kwa kusema..."

"Naomba umalize kwa kusema," nikamwambia.

Akafikiri. "Tumpe kazi," akasema.

Ni wazo zuri, na limeniudhi kwa sababu si langu. Mtu aliyesimamisha shule kwa mikono yake hawezi kukaa kibarazani kuhesabu matone. Tumempa kidato cha pili, vipindi vya mwisho vya alasiri, ambavyo hata hivyo huwa ni vya kujisomea na kusinzia. Atawarudisha kwenye misingi ya hisabati. Kaniuliza wako wangapi, nikamjibu. Kasema ni wengi mno kwa mwanzo mmoja, ila atajitahidi.

Ijumaa, 15 Machi

Kengele imelia kwa saa zake siku nzima. Sikujua kimya kinaweza kuwa kitamu hivi.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Soksi hazikauki. Bweni la chini linanuka kama mbuzi aliyenyeshewa.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimepita nyuma ya kidato cha pili kuangalia paa, nikasimama dirishani kujikinga. Mama Mkubwa alikuwa mbele na kipande cha kamba. Akaikunja katikati.

"Hii sasa ni nini?"

"Nusu," darasa likaitika.

Akaikunja tena. "Na hii?"

Kimya. Wasichana wa miaka kumi na mitano, ambao asubuhi makamu aliwafundisha milinganyo, wakatazama ile kamba kama hawajawahi kuona kamba. Halafu yule tunayemwita Redio, kwa sababu hajapata kuzimwa tangu azaliwe, akanyanyua mkono taratibu, kwa woga.

"Sista, inaweza kuwa... robo?"

Uso wa Mama Mkubwa ukafunguka wote. Akapiga makofi. Akamwita mbele, akamshika bega, akawaambia wenzake wamtazame vizuri, huyu atafika mbali.

Nikadhani ni mzaha wao wa siku moja. Baada ya kipindi nikamwita Redio ofisini. Ikabainika kwamba Mama Mkubwa amefundisha somo hilohilo kila kipindi tangu alipoanza. Kamba, nusu, robo, robo tatu. Hakumbuki kwamba ameshalifundisha. Na kidato cha pili wamejipangia zamu: nani leo hatajua, nani atakosea, nani atapata. Redio ndiye mpangaji. Leo ilikuwa zamu ya mwenzake lakini mwenzake anaumwa jino.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungemtoa, Sista Mkuu."

"Bila shaka ningemtoa. Mtapoteza muhula mzima kwa robo na nusu?"

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alichagua maneno. "Anafurahi sana tukielewa," akasema.

Nimempa adhabu ya kufagia ukumbi. Sijui ni kwa kosa gani, lakini lazima kulikuwa na kosa mahali.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempigia Mama Mkuu. Nimemwambia wazi: si uzee tu, kumbukumbu inakwenda, hapa si mahali pake, hatuna muuguzi, tuna wasichana mia tatu na paa linalovuja. Kasema nivumilie, nyumba ya wazee bado mbichi. Nivumilie. Ningekuwa napewa bati moja kila ninapoambiwa neno hilo, shule ingeezekwa upya.

Sijamtoa darasani. Nimejiambia nangoja wiki iishe.

Jumanne, 26 Machi

Wiki iliisha. Hajatoka. Redio sasa ndiye anayemshika mkono kumrudisha chumbani, na njia nzima anaongea. Mama Mkubwa hamwambii anyamaze. Mimi nimemwambia mtoto huyo anyamaze tangu kidato cha kwanza.

Jumatano, 3 Aprili

Fundi wa paa hakuja. Anasema mvua. Nimemuuliza alitarajia kuziba paa linalovuja kiangazi? Kacheka. Sikuwa natania.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika kabla hasira haijapoa.

Leo nilikwenda mjini kununua mabati mwenyewe maana nimechoka kungoja wanaume. Nilirudi alasiri, gari limeoga tope mpaka madirishani. Makamu alikuwa amesimama getini kwenye mvua bila mwavuli. Mtu huyu akikosa utangulizi, ujue kuna jambo.

"Redio ameondoka," akasema.

Baba yake mdogo alikuja saa sita. Makamu alikuwa juu ya paa la bweni na walinzi wanashika ngazi. Mgeni akaelekezwa sebuleni, na sebuleni alikuwamo Mama Mkubwa. Mgeni kasema mama wa mtoto yuko hoi kitandani, anamtaka bintiye. Mama Mkubwa kampa pole, kamwita mtoto, kawawekea mikono kichwani wote wawili, kawaruhusu. Redio alitoka na begi lake lote, godoro pia. Nani anakwenda kumwona mgonjwa na godoro?

Baba yake Redio alifariki mwaka jana. Tangu hapo huyo baba mdogo ndiye kila kitu. Alishakuja hapa Januari kuniuliza kama mtoto wa kike anahitaji kweli kumaliza vidato vyote. Nilimjibu kimkasi-mkasi na akaondoka. Kumbe alikuwa anangoja siku nisiyokuwepo.

Nikaenda chumbani kwa Mama Mkubwa. Alikuwa anakunja leso. Nikamwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Nikamwambia hapa hana mamlaka, hana ruhusa ya kumruhusu hata paka kutoka getini. Nikamwambia amekuja kupumzika na tangu aje hakuna aliyepumzika. Nikamwambia mtoto amekwenda, na aliyemwachia ni yeye.

Akanisikiliza mpaka mwisho, amekaa wima kitandani. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, "Mtoto gani, mwanangu?"

Nikatoka nikafunga mlango. Nilitaka kuubamiza, lakini umevimba kwa unyevu, haubamiziki.

Jumapili, 7 Aprili

Simu ya mama yake Redio haipatikani. Ya baba mdogo inaita bila kupokelewa. Usiku maji yamefunika daraja.

Mama Mkubwa kanisalimia kwenye kifungua kinywa kama jana haikuwepo. Kwake haikuwepo. Mimi ndiye niliyebaki nayo peke yangu, na sina wa kumwomba radhi.

Jumanne, 9 Aprili

Mama yake Redio amepiga kwa simu ya jirani. Sauti ya mtu mzima wa afya.

"Unaendeleaje na ugonjwa?" nikamuuliza.

"Ugonjwa gani, Sista?"

Mtoto yuko mjini, dukani kwa shemeji yake, yule baba mdogo, duka la vifaa vya ujenzi. Mke wa shemeji kajifungua mapacha, hakuna wa kushika watoto wala wa kukaa dukani. Ni kwa muda tu, kasema shemeji.

"Na wewe mama unasemaje?"

Nikasikia kuku wa huyo jirani.

"Mimi nakaa kwenye nyumba yake, Sista," akasema. "Na wadogo zake Redio."

Nilipokata simu nilimkasirikia mwanamke huyo kwa ubaridi wake. Hasira ile haikufika jioni. Amevuka tope kutafuta simu ya kuazima ili aniambie mtoto wake yuko wapi, na angeweza kukaa kimya.

Jumatano, 10 Aprili

Daraja bado.

Alhamisi, 11 Aprili

Daraja bado. Kidato cha pili wamekuwa kimya kama wamefungwa plasta mdomoni. Nilizoea kuomba Mungu anipe darasa kimya.

Ijumaa, 12 Aprili

Bado. Mama Mkubwa kauliza mara kadhaa yule msichana anayeongea yuko wapi. Kila mara anajibiwa, kila mara anahuzunika upya. Nimewaambia masista wamwambie yuko darasani. Sista wa sakristia kaniuliza kama huo si uongo. Nimemwambia akaungame kwa niaba yangu.

Jumatatu, 15 Aprili

Daraja limefunguka asubuhi. Nilipanga twende mimi na dereva tu. Nilipofika kwenye gari, Mama Mkubwa alikuwa ameshakaa mbele na mkoba magotini.

"Mama Mkubwa, shuka. Kuna baridi."

"Twende, tutachelewa," akasema.

Nilimbembeleza. Nilimwamuru. Dereva akaangalia pembeni kama mtu anayeshuhudia ugomvi wa wakwe. Mwisho nikapanda nyuma, mkuu wa shule mzima, nikabanwa na tairi la akiba mpaka mjini.

Duka lenyewe ni refu na jembamba, mabomba upande huu, makopo ya rangi upande ule, mifuko ya saruji mlangoni. Redio alikuwa nyuma ya kaunta, pacha mmoja mgongoni, anapima misumari. Aliponiona aliweka mizani chini, hakusema neno. Redio, hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Baba mdogo alitupokea vizuri, na hilo lilinichosha zaidi kuliko angetufukuza. Akaleta viti, akaleta soda. Nikamwambia mtoto ana mitihani. Akakubali. Nikamwambia sheria inamtaka awe shule. Akakubali. Nikamwambia alimdanganya mzee wa watu. Akasema alipitiwa tu, familia ina mambo mengi.

"Sista," akasema, anatabasamu, "nyinyi ni watu wa sala. Hamna watoto, hamna mapacha wanaolia. Mkishafunga shule mnalala. Hesabu anazozihitaji mtoto huyu anajifunza hapahapa."

Nilikuwa na majibu mengi na yote yangemchongea mama wa mtoto, aliyemo kwenye nyumba yake. Basi nikakaa pale na soda yangu, Mkasi asiyekata.

Wakati huo Mama Mkubwa alikuwa ameacha kiti, amekaa juu ya saruji, karibu na kaunta. Akafungua mkoba akatoa kamba.

"Mmekwisha kukaa?" akauliza duka zima. "Hii sasa ni nini?"

Redio akamtazama, kisha akanitazama mimi. Halafu akazunguka kaunta na pacha wake mgongoni, akasimama mbele ya Mama Mkubwa.

"Nusu, Sista."

"Na hii?"

Akakaa kimya kwa muda uleule wa kule darasani, na uso uleule wa woga. "Inaweza kuwa robo?"

Mama Mkubwa akapiga makofi. Pacha akaamka akaanza kulia. Fundi bomba mmoja akaingia, akaagiza bomba la robo tatu ya inchi.

"Ngoja," Mama Mkubwa akamwambia. "Umesema robo tatu. Robo tatu ni nini?"

Yule fundi akacheka. Mama Mkubwa hakucheka. Akamngoja. Fundi, ambaye ameunganisha mabomba ya robo tatu maisha yake yote, akavua kofia akaanza kutafuta maneno. Mwingine aliyefuata misumari akamsaidia, akakosea, wakabishana. Mama Mkubwa akawaambia waketi. Wakaketi, sijui kwa nini, juu ya saruji. Wateja waliokuja nyuma yao wakabaki mlangoni kuangalia.

"Sista, mwambie basi," baba mdogo akaninong'oneza. "Nauza."

"Nimwambie nini? Hanisikilizi mimi."

Ilikuwa kweli kabisa. Somo likaisha, akakunja kamba, akaitazama, na akaanza upya. Hii sasa ni nini? Baba mdogo akamwomba kwa upole. Akamwita bibi. Akamletea chai. Mama Mkubwa akamwambia mzazi asubiri nje, kipindi hakijaisha. Wateja wakaangua kicheko, na mmoja akamuuliza baba mdogo, mzazi wa nani? Mtoto gani anasomea dukani, kwani hana shule? Akasema ni mtoto wa marehemu kaka. Wakaacha kucheka. Wakamtazama Redio na mtoto mgongoni, kisha wakamtazama yeye, na sasa hakuna aliyeagiza chochote.

Mkewe akatoka nyuma, pacha wa pili kifuani, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala tangu ajifungue. Nilijiandaa kwa vita ya pili.

"Mchukueni," akasema.

"Wewe," mumewe akaanza.

"Nimesema wamchukue. Kutwa nzima kelele, watoto hawalali, na bibi huyu haondoki. Nani atamtoa? Wewe utamshika mkono sista mzee umtoe nje watu wakiangalia?" Akamfungua Redio kanga iliyombeba mtoto, akampokea, akabaki na wote wawili. Alipokuwa karibu nami akashusha sauti. "Nilimwambia aje mama yangu. Akasema mama yangu anakula sana. Sasa atakuja."

Baba mdogo alisema tutaongea. Nikamwambia tutaongea, likizo, na mama wa mtoto akiwepo. Fundi bomba ndiye aliyepakia godoro.

Njiani Redio alikaa nami nyuma. Akaanza kuongea kabla hatujafika darajani na hakunyamaza mpaka getini. Sikumkatiza. Mama Mkubwa alilala mbele, anakohoa.

Jumanne, 16 Aprili

Kikohozi kimekuwa homa. Ni ile safari, ni ule mpira wa mlango wa gari uliokuwa unapitisha mvua, ni mimi niliyeshindwa kumshusha. Nimemkasirikia dereva kuhusu mpira huo. Kasema aliniambia Januari. Ni kweli aliniambia.

Ijumaa, 19 Aprili

Daktari kasema kifua. Zamu za kukaa naye: kidato cha pili wamejiandikisha bila kuniuliza. Nimejifanya sijaona.

Jumatano, 24 Aprili

Homa imeshuka. Mama Mkuu amepiga, amefurahi, ana habari njema: wamepata nafasi kwenye nyumba nyingine ya wazee, kavu, yenye muuguzi mchana na usiku. Gari litakuja.

Nikamwambia si haraka, amezoea hapa.

"Sista, umenipigia muhula mzima unataka aondoke."

"Nilikuwa nimechoka."

"Na hapo kuna muuguzi?"

Hakuna muuguzi. Nilibishana kidogo, nikajisikia navyobishana, nikakubali. Maisha yangu yote nimeomba mambo na kuchelewa kuyapata, na hili moja limekuja kwa wakati.

Mama yake Redio kapiga pia. Mama mkwe wa shemeji kafika, na shemeji bado hajamwambia yeye na wanawe wahame nyumbani. Kasema "bado". Sote wawili tulilisikia neno hilo.

Jumanne, 30 Aprili

Fundi kaja. Kaezeka kidato cha pili. Sasa linavuja kidato cha tatu.

Alhamisi, 2 Mei

Gari lilikuja asubuhi, mvua imekatika lakini uwanja wote tope. Wasichana walisimama kibarazani kwa mistari bila kuambiwa. Redio alimshika mkono mpaka kwenye ngazi, anaongea, kisha akashindwa kuongea, nikampokea mimi.

Tulivuka uwanja polepole. Katikati Mama Mkubwa akasimama kuvuta pumzi. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vilivyojaa tope, na nikaona kwamba hanijui. Si Mkuu wa shule, si yule aliyemfokea, si mtu yeyote.

"Wewe binti," akasema, "unajua kusoma?"

Walimu walikuwa nyuma yangu. Kidato cha pili walikuwa wanasikia. Miezi hii yote nilisema nitawaambia wasimcheze shere mzee wa watu.

"Sijui, Sista," nikasema.

"Naanza shule. Jumatatu. Njoo, usiogope tope." Akanishika kidevu. "Mama yako atakataa, wote wanakataa. Nitakuja kuongea naye. Nitakaa mlangoni kwake mpaka akubali."

Na ndivyo alivyofanya. Alikuja akakaa mlangoni petu, na mama akampikia chai kwa hasira, akaja tena kesho yake, na tena, mpaka mama akachoka akaniambia nenda basi, nenda na huyo mtu wako. Mama yangu amelala kaburini miaka mingi sasa.

Nikamfungulia mlango wa gari, nikamfunika miguu na blanketi.

"Ameshakubali, Sista," nikamwambia.